Ndugu wa Macon na Tepu Zao

Tom Dowd alitua New York mwezi Machi 1971 akitokea Accra. Kule Ghana alikuwa kwenye kazi ya kurekodi tamasha la Soul to Soul, lililopigwa Machi 6, siku nchi hiyo ilipotimiza miaka 14 ya uhuru, Wilson Pickett, Ike na Tina Turner na Santana wakipanda jukwaa moja. Alipowapigia simu wakubwa wa kampuni ya Atlantic kuwaarifu kwamba amerudi, akakuta kazi nyingine inamsubiri: bendi ya vijana kutoka Georgia ilikuwa inapiga katika ukumbi wa Fillmore East wikiendi hiyo, na ilikuwa irekodiwe.

Dowd hakuwa fundi wa kubahatisha. Ujanani alifanya kazi za fizikia katika mradi wa siri uliozaa bomu la atomiki, kisha akahamishia hesabu zake kwenye meza ya sauti, akawarekodi Ray Charles, John Coltrane na Aretha Franklin. Akajifungia ndani ya gari la mitambo nje ya ukumbi, akawa anasikiliza, mambo yanakwenda vizuri. Mara saksafoni zikaingia. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za saksafoni. Onyesho lilipokwisha alimfuata kiongozi wa bendi, Duane Allman, akamweleza waziwazi kwamba wapulizaji wale hawafai kuingia kwenye santuri. Duane ndiye aliyewaalika, lakini alikubali. Aliyesalia ni Thom Doucette na harmonika yake.

Kuanzia hapo utaratibu ukawa huo huo: onyesho likiisha, wanaondoka na Dowd hadi studio za Atlantic, wanasikiliza tepu za usiku ule, wanaamua wimbo upi umeshapatikana na upi urudiwe kesho. Maonyesho ya Machi 12 na 13 ndiyo yaliyozaa At Fillmore East, santuri mbili katika jalada moja zenye nyimbo 7 tu. Anayetaka kujua Allman Brothers Band ilikuwa kitu gani aanzie hapo. Albamu za studio zinaweza kusubiri.

Ndugu wa damu katika bendi hiyo walikuwa wawili. Duane alizaliwa Nashville mwaka 1946, mdogo wake Gregg mwaka mmoja baadaye. Baba yao, mwanajeshi, aliuawa Desemba 1949 na mtu aliyempa lifti, na mama yao Geraldine akawalea peke yake, mwishoni mwa miaka ya 1950 akahamia nao Daytona Beach, Florida. Gregg ndiye aliyetangulia kushika gitaa. Duane akalipora, akalipiga usiku na mchana, akampita mdogo wake kwa mbali. Gregg akaishia kwenye kuimba na kinanda. Kwa jinsi sauti yake ilivyokuwa nzito na yenye uchungu akiwa bado kijana wa miaka 20 na ushei, hakuna aliyepata hasara.

Walijaribu bahati Los Angeles na bendi iliyoitwa Hour Glass, wakatoa albamu mbili mwaka 1967 na 1968. Kampuni iliwachagulia nyimbo, ikawavalisha nguo za maonyesho, ikawataka wasipige hovyo mjini. Duane alichoka, akarudi kusini. Huko Muscle Shoals, Alabama, akapata kibarua cha kupiga gitaa kwenye studio ya FAME ya Rick Hall. Mwishoni mwa mwaka 1968 alimshawishi Wilson Pickett arekodi Hey Jude, wimbo wa The Beatles uliokuwa bado unatamba redioni. Wazo lilionekana la ajabu, lakini Pickett alikubali, na dakika ya mwisho ya rekodi ile, mwimbaji anapiga mayowe na gitaa linamjibu, ndiyo iliyoanza kumtangaza Duane. Mpiga gitaa Mwingereza Eric Clapton aliisikia akataka kujua mara moja ni nani huyo.

Kitu kingine alichokipata miaka hiyo kilikuwa kichupa. Siku yake ya kuzaliwa Duane alikuwa na mafua, mkono unamuuma kwa kuanguka kutoka kwenye farasi, na hasemi na mdogo wake. Gregg akaacha zawadi mlangoni: santuri ya kwanza ya mwanabluzi Taj Mahal na kichupa cha vidonge vya mafua aina ya Coricidin. Ndani ya santuri kulikuwa na Statesboro Blues, wimbo ambao Blind Willie McTell wa Georgia aliurekodi mwaka 1928, hapa ukipigwa na Jesse Ed Davis kwa mtindo wa kutelezesha kitu kigumu juu ya nyuzi. Duane akamwaga vidonge, akaosha lebo, akakivaa kichupa kidoleni. Wimbo huo huo ndio unaofungua At Fillmore East, na sauti ya kioo kwenye nyuzi inasikika kabla Gregg hajatamka neno.

Phil Walden alikuwa meneja wa Otis Redding, aliyekufa kwenye ajali ya ndege Desemba 1967. Alikuwa na ofisi Macon, Georgia, na mpango na Jerry Wexler wa Atlantic wa kuanzisha kampuni ya santuri, Capricorn. Kilichokosekana ni msanii wa kuibeba. Alimpa Duane ruhusa ya kuunda bendi aipendayo. Wa kwanza kujiunga alikuwa mpiga dramu Jai Johanny Johanson, maarufu kwa jina la Jaimoe, mtu mweusi wa Mississippi aliyekuwa amezunguka na Redding, Percy Sledge na Joe Tex na ambaye kichwa chake kilijaa jazi. Akawapakia wenzake santuri za Miles Davis na Coltrane. Kisha Duane akaenda Jacksonville, Florida, walikokuwa mpiga besi Berry Oakley, mpiga gitaa Dickey Betts na mpiga dramu Butch Trucks.

Machi 1969 walikutana wakapiga pamoja kwa saa kadhaa bila mpango wowote. Aliyekaa kwenye kinanda siku hiyo alikuwa Reese Wynans, mwenzao Betts na Oakley katika bendi ya Second Coming. Duane alitoka pale akijua amepata alichokitafuta, ila kiti cha kinanda alikitaka kwa ajili ya mdogo wake. Gregg aliitwa kutoka Los Angeles, akaingia mazoezini Machi 26, akawakuta wanapiga Trouble No More wa Muddy Waters kwa kishindo kilichomtia hofu. Alikuja na nyimbo 22 alizotunga. Mbili ndizo zilizopita.

Mpenzi wa muziki wa dansi aliyezoea kusikia gitaa la solo na la kati yakipokezana hatapata taabu kuelewa walichokifanya Duane na Betts, isipokuwa hapa hakukuwa na wa kati. Wote wawili walikuwa solo. Mara wanapiga melodia moja kwa sauti mbili zinazooana, mara mmoja anaondoka na mwenzake anamsubiri njiani. Nyuma yao dramu mbili: Trucks anasukuma kama treni, Jaimoe anapita kwenye mianya. James Brown alikuwa na wapiga dramu wawili, na Duane hakuona kwa nini yeye asiwe nao. Besi ya Oakley haikukubali kukaa chini. Mara nyingi ni gitaa la tatu.

Walihamia Macon, bendi yenye watu weusi na weupe, nywele mabegani, katika mji wa Georgia mwaka 1969. Fedha hazikuwapo. Kwenye mgahawa wa H&H, Louise Hudson, ambaye wote walimwita Mama Louise, na mwenzake Inez Hill waliwalisha kwa mkopo, na mkopo ulilipwa miaka ya neema ilipofika. Wakikosa pa kufanyia mazoezi au wakitaka utulivu, walikwenda makaburi ya Rose Hill juu ya mto Ocmulgee. Betts alipotunga kipande kisicho na maneno kwa ajili ya mwanamke ambaye hakutaka jina lake lijulikane, alichukua jina lililochongwa kwenye jiwe mojawapo pale: In Memory of Elizabeth Reed. Kuanzia Januari 1970 baadhi yao, pamoja na wake na watoto, walipanga jumba kubwa Vineville Avenue, na watu wakaliita tu Big House.

Albamu ya kwanza, iliyobeba jina la bendi, ilitoka Novemba 1969. Ina nyimbo nzuri, lakini inasikika kama watu waliopewa saa ya ukutani waitazame wakati wanapiga. Ndani yake mmo Whipping Post. Gregg alipatwa na wimbo huo usiku nyumbani kwa Oakley, hakuwa na karatasi wala kalamu na hakutaka kuwasha taa akaamsha mtoto, basi akaandika maneno kwa njiti za kiberiti zilizoungua juu ya kitambaa cha meza ya kupigia pasi. Mwanzo wake una mapigo 11, jambo ambalo mwenyewe hakulijua mpaka kaka yake alipomhesabia. Santuri hiyo haikuuzika. Ya pili, Idlewild South, chini ya Dowd, ilitoka Septemba 1970 na ni bora: imetulia, ina Midnight Rider na ina Elizabeth Reed. Nayo haikutikisa soko.

Agosti mwaka huo Dowd alikuwa Miami akimrekodi Clapton na bendi yake ya Derek and the Dominos. Allman Brothers walipopita mjini humo, Clapton alikwenda kuwatazama, akakaa mbele ya jukwaa, na Duane alipomwona gitaa lilimnyamazia mkononi kwa muda. Usiku huo huo wote wakaenda studio. Duane akaishia kupiga kwenye sehemu kubwa ya albamu ya Layla. Clapton alitamani abaki naye moja kwa moja, lakini Duane alirudi kwenye gari lake na watu wake. Katika mwaka 1970 bendi ilikuwa barabarani kwa sehemu kubwa ya mwaka, na huko ndiko ilikokomaa kwa namna ambayo studio haikuinasa. Ndiyo maana Duane akadai kitu kinachofuata kirekodiwe mbele ya watu.

Kulikuwa na upinzani. Wakubwa wa Atlantic hawakuona sababu ya kuchapa santuri mbili kwa bendi isiyouza hata moja, tena upande mzima wa santuri ukiwa wimbo mmoja. Walden aling'ang'ania, na zaidi ya hapo akataka bei iwe ya kama albamu moja. At Fillmore East ikatoka Julai 1971. Upande wa pili wote ni You Don't Love Me, dakika 19. Upande wa nne wote ni Whipping Post, zaidi ya dakika 22. Elizabeth Reed, ambayo studio ilichukua dakika saba, hapa ina 13. Kuna vitu Dowd alivikata, kama kipande cha harmonika kwenye Stormy Monday. Lakini hakuna kilichoongezwa baadaye kuficha makosa, na nafasi ambapo You Don't Love Me inakaribia kuzimika kabisa, Duane peke yake akitafuta njia na mtu mmoja ukumbini anapiga kelele, ni ya kusikiliza kwa sauti kubwa.

Jalada lilipigwa picha na Jim Marshall, Macon, mbele ya ukuta wa matofali, masanduku ya vyombo yamepangwa na wanamuziki wanacheka. Nyuma ya jalada wamewekwa mafundi na wabeba vyombo wao, bia mkononi. Bendi chache za wakati ule ziliwapa wafanyakazi wake heshima hiyo. Mkuu wa safari zao, Twiggs Lyndon, hakuwapo siku ya picha: alikuwa mahabusu kwa kumuua kwa kisu mwenye ukumbi mmoja huko Buffalo aliyekataa kuwalipa, kesi ambayo baadaye iliamuliwa kuwa hakuwa na akili timamu wakati wa tendo. Picha yake ilibandikwa ukutani juu ya vichwa vya wenzake.

Albamu ilipanda hadi nafasi ya 13 na mwezi Oktoba ikapata hadhi ya dhahabu. Fillmore East yenyewe ilikuwa imeshafungwa Juni 27, mwenye ukumbi Bill Graham akiwachagua vijana wa Macon wawe wa mwisho kupanda jukwaani.

Oktoba 29, 1971 Duane alikuwa kwenye pikipiki Macon, lori likakatisha mbele yake. Alikufa akiwa na miaka 24.

Wenzake walirudi kazini baada ya wiki chache. Eat a Peach, iliyotoka Februari 1972, imeunganishwa kutoka vipande vitatu: nyimbo walizorekodi bila yeye, nyimbo za studio alizoacha, na tepu za Fillmore. Anayemiliki santuri zote mbili anaweza kufanya jaribio hili. Asikilize Whipping Post mpaka mwisho kabisa. Makofi yanaendelea, na chini yake, sauti ikififia, bendi inaanza kitu kingine. Kitu hicho ni Mountain Jam, kinachoendelea kwa dakika 33 kwenye Eat a Peach, kimegawanywa upande wa pili na wa nne. Tepu ni ile ile na usiku ni ule ule, isipokuwa katikati ya albamu hizo mbili imepita miezi saba na mazishi. Little Martha, kipande cha dakika mbili cha magitaa bila umeme, ndicho pekee katika albamu za bendi alichokitunga Duane peke yake.

Novemba 11, 1972 Oakley naye aligongana na basi akiwa kwenye pikipiki, mitaa mitatu hivi kutoka alipoangukia Duane. Alikataa kwenda hospitali, akafa baadaye siku hiyo hiyo. Naye alikuwa na miaka 24. Walizikwa jirani, Rose Hill.

Hapa bendi nyingi zingekuwa zimekwisha. Hii ilifanya ambalo hakuna aliyelitarajia: haikutafuta mpiga gitaa wa kumrithi Duane, ilikuwa imeshamchukua mpiga piano, Chuck Leavell, kijana wa miaka 20, na sasa besi ikapewa Lamar Williams, rafiki wa Jaimoe tangu utoto aliyekuwa amerudi kutoka vita vya Vietnam. Brothers and Sisters ya Agosti 1973 ilikaa wiki tano kileleni mwa chati za Marekani, na Ramblin' Man wa Betts ukafika nafasi ya pili. Kabla tu haijatoka, Julai 28, walipiga na Grateful Dead na The Band kwenye uwanja wa mbio za magari wa Watkins Glen, New York, mbele ya umati uliokadiriwa kuwa watu 600,000.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anayedhani hajawahi kuwasikia pengine anakosea. Jessica, kipande kisicho na maneno ambacho Betts alikipa jina la binti yake mchanga na ambacho piano ya Leavell inakifanya kicheke, ndicho BBC ilichokichukua mwaka 1977 kiwe wimbo wa kipindi cha magari cha Top Gear. Kilibaki nacho katika sura mbalimbali, hata watangazaji wa kipindi hicho walipovuka Uganda, Rwanda na Tanzania wakitafuta chanzo cha Nile kwa toleo lililorushwa mwaka 2013.

Mafanikio yaliwapa ndege ya kukodi, dawa za kulevya na mahojiano mengi. Novemba 1975 walipiga onyesho Providence kuchangisha fedha za kampeni ya urais ya Jimmy Carter, gavana wa zamani wa Georgia, wakati wapigakura wengi walikuwa bado wanauliza Carter ni nani. Albamu ya mwaka huo, Win, Lose or Draw, inasikika kama kazi ya watu wasiokaa chumba kimoja, na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1976 Gregg alitoa ushahidi mahakamani dhidi ya msaidizi wa bendi katika kesi ya dawa za kulevya, mtu huyo akahukumiwa miaka 75, hukumu ambayo baadaye haikusimama. Wenzake waliapa kutopiga naye tena. Walivunja kiapo mwaka 1978, Capricorn ikafilisika mwaka uliofuata, albamu mbili za kampuni ya Arista zikapita bila kuacha alama, na mwaka 1982 wakatawanyika.

Sura ya mwisho ndiyo ndefu kuliko zote. Mwaka 1989 walirudi kuadhimisha miaka 20, wakiwa na Warren Haynes kwenye gitaa na Allen Woody kwenye besi, na Dowd akaitwa tena kusimamia Seven Turns. Mwaka huo pia walianza kupiga Beacon Theatre, New York, na ukumbi huo ukawa makao yao ya karibu kila masika: zaidi ya maonyesho 200 kwa miaka 25. Waliwaruhusu mashabiki kurekodi, na kufikia mwaka 2003 mtu aliweza kutoka ukumbini na CD ya onyesho alilotoka kulisikia. Machi 2009 Clapton alipanda nao kwa usiku mbili. Gitaa la pili la bendi lilishikwa na Derek Trucks, mtoto wa ndugu yake Butch, aliyeingia mwaka 1999 akiwa na miaka 20 na ambaye jina lake lilitokana na Derek and the Dominos. Betts hakuwapo tena: mwaka 2000 wenzake walimwondoa, taarifa ikamfikia kwa faksi. Kwa mtu aliyetunga Jessica na Elizabeth Reed, ilikuwa njia ya hovyo.

Walifunga kazi Beacon Oktoba 28, 2014. Onyesho lilivuka saa sita usiku, kwa hiyo nyimbo za mwisho zilipigwa Oktoba 29, miaka 43 kamili tangu kifo cha Duane. Waliachia jukwaa kwa Trouble No More, ule ule uliomtisha Gregg mazoezini. Butch Trucks alikufa Januari 2017, Gregg Mei mwaka huo huo, Betts Aprili 2024.

Big House ilinunuliwa mwaka 1993 na Kirk West, aliyekuwa msimamizi wa safari zao, na tangu 2009 ni makumbusho. Mwaka 2004 Maktaba ya Bunge la Marekani iliingiza At Fillmore East kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kwa taifa, na 2014 tepu za Machi 1971 zilitolewa kwa ukamilifu zaidi, CD sita pamoja na onyesho la Juni 27. Gitaa la Duane la mwaka 1957, aina ya Les Paul, alilolibadilisha mwaka 1970 kwa lingine na kuongeza dola 200, liliuzwa mnadani 2019 kwa dola milioni 1.25.

Machi 10, 2020, siku chache kabla korona haijafunga kumbi za New York, baadhi ya waliosalia walikusanyika Madison Square Garden kwa miaka 50 ya bendi. Jaimoe, wa mwisho wa wale sita ambaye bado yupo, alikuwa kwenye dramu, pembeni yake Duane Trucks, mdogo wake Derek. Leavell alikuja na piano. Kinanda cha Gregg kilipigwa na Reese Wynans.